Bao la Siku ya Mvua

Narinda, Dhaka
14 Februari 1988

Shangazi yangu Mahatun,

Nakusalimu kwa heshima zote, na ungekuwa karibu ningekuinamia nikakushika miguu. Sisi wazima. Shafik bado yuko na cherehani yake, macho yanamuuma lakini miwani hataki, eti wateja watamwona mzee wamkimbie. Mtoto ameota meno na ameshaanza kuning'ata. Mama ametimiza mwaka kaburini. Tulisoma hitma, tukagawa wali kwa majirani. Nilikuandikia habari ya msiba ukanyamaza, nami sikulaumu, maana posta ya kwetu na ya kwenu hazijapatana tangu vita vya 1971 vilivyotugawa nchi mbili. Urdu yangu ni hii ya vichochoro vya Dhaka aliyonifundisha mama. Ukitaka kucheka, cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Majuzi nilikwenda kununua mkate wa bakarkhani kwa ajili ya chai ya alasiri. Nikipita kwenye kibanda cha chai cha Moti Miya, mzee mmoja akaropoka, "Wewe! Simama hapo! Wewe si mtoto wa Sabzal?" Nilitaka kumtukana. Shangazi, mimi na rangi yangu hii nimeshaitwa kila jina katika mtaa huu, nikajua ni yale yale. Kumbe yule ndiye Moti Miya mwenyewe, na wale wazee waliomzunguka ni mashabiki wa Narinda Milan, ile klabu ambayo siku hizi hata wachezaji wake wanaona haya kuitaja. Wanakaa pale kila alasiri wakimzungumza baba kama mtu aliyetoka kwenda msalani na atarudi sasa hivi.

Walinihadithia ile fainali ya mvua. Uwanja umekuwa bwawa, wenzake wanateleza na viatu vyao, Makrani, ndivyo mtaa huu unavyomwita baba na kila mweusi wa kwenu, akavua vyake akavitupa nje, akachukua mpira katikati, akapita mtu, akapita mwingine, golikipa akabaki amekaa kwenye tope kama anasubiri chai. "Mimi siku ile nilitupa mwavuli wa baba mkwe hewani, haukuonekana tena," akasema Moti Miya. "Mpaka anakufa hakunisemesha!" Nikasimama na mkate wangu mpaka ukapoa. Hakuna aliyewahi kunisimulia lolote la baba. Mama nikimuuliza alikuwa anaondoka chumbani.

Sasa jambo lenyewe. Klabu inatimiza miaka hamsini Desemba hii, na wazee wanataka baba aje. Malazi na chakula juu yao, nauli wanaomba mashabiki wa huko Lyari wasaidie. Mimi nataka nimwone. Aliondoka nina miaka minne, sikumbuki hata sauti yake. Sitamuuliza kwa nini hakurudi, naapa. Nimwone tu, mara moja, nimwite Baba na yeye aitike.

Mtoto wako,
Rokeya


Kalri, Lyari, Karachi
2 Aprili 1988

Binti wa kaka yangu,

Nakuombea heri wewe na mumeo mkaidi na huyo mjukuu wangu mng'ataji. Huku salama. Binti wa jirani ameolewa Maskati, harusi ngoma zilipigwa mpaka mtu mzima mimi kiuno kikaniuma, na alinipeleka nani? Kiherehere changu mwenyewe. Kwenye sikukuu ya mamba wa walii kule Manghopir mwaka huu tulikwenda wachache. Yule mamba mkubwa alivishwa koja lake la maua, akapewa nyama akaila vizuri, kwa hiyo wazee wanasema mwaka utakuwa mwema. Sijui ni mwema kwa nani.

Msiba wa mama yako niliusikia. Kalamu niliishika nikashindwa. Tuyaache hayo.

Baba yako yupo, anakusalimu. Miguu inamsumbua kidogo. Barua yako nimemsomea. Nilipofika kwenye ile mvua akauliza, "Mvua ya mwaka gani?" Nikamsomea tena. Akageukia ukutani, akasema chai imepoa nimletee nyingine. Sasa mwanangu, hiyo ndiyo tabia yake, usidhani ni wewe.

Habari ya safari tuone. Desemba mbali. Mtoto wako mpake mafuta ya haradali kifuani, baridi ikiisha ndiyo mafua yanaanza.

Shangazi yako,
Mahatun


Narinda, Dhaka
20 Mei 1988

Shangazi mpendwa,

Sisi hatujambo, ila joto linatuua na umeme unakuja kwa kujionyesha tu kisha unaondoka. Mafuta ya haradali nilimpaka mtoto, akanuka kama achari, lakini mafua yalikwisha. Shukrani.

Nina picha ya baba! Moti Miya aliitoa kwenye sanduku la klabu. Timu nzima imejipanga, Wamakrani wako watatu, na wazee wote kwa mdomo mmoja wakaniwekea kidole juu ya yule aliyeshika mpira, anacheka, ana mwanya mkubwa meno ya mbele. Shafik ameitia kwenye fremu. Namwonyesha mtoto kila asubuhi: huyu babu yako. Nami nimejitazama kwenye kioo nikitafuta mwanya wangu, sina, labda nimechukua meno ya mama.

Lakini wazee hawa watanitia wazimu. Huyu anasema Sabzal alikuwa mrefu, huyu anasema mfupi mnene. Huyu anaapa alipiga kwa mguu wa kushoto tu, huyu anasema kushoto alikuwa hawezi hata kusimamia. Mmoja alimsifu kwa penalti aliyoidaka. Nikamwambia, "Mzee, baba alikuwa winga, si golikipa!" Akasema, "Basi siku hiyo alikuwa golikipa." Nikawaka. Nikawaambia, kwenu nyinyi kila mtu mweusi ni mtu mmoja, mmewakoroga Wamakrani wote kwenye sufuria moja mkampakua Sabzal. Wakacheka, Moti Miya akanimiminia chai, akasema, "Mkali! Sasa nimeamini ni wake."

Shangazi, mimi si mtoto. "Miguu inamsumbua kidogo" si jibu. Kama ana mke huko, sema. Kama ana watoto na hataki wanijue, sema. Kama amesema hanitaki, hilo nalo sema, nitalia nitanyamaza. Ninachoshindwa ni huku kungoja.

Rokeya


Kalri, Lyari
30 Juni 1988

Rokeya,

Salamu na dua. Mimi nina afya, isipokuwa hasira, na hiyo ni ya siku zote.

Umetaka kuambiwa, haya. Hana mke, hana mtoto mwingine. Ana sukari. Mwaka jana kidonda cha kidole kilipanda, hospitali wakamkata mguu wa kulia juu ya goti. Analala kwenye kitanda cha kamba mbele ya mlango, na pale mbele ya mlango ndipo vijana wa Kalri wanapochezea mpira, maana hawana pengine. Mpira ukimjia anautazama mpaka mmoja aje auokote. Nimemwambia nikuhamishie uani? Hataki. Hospitali wanatengeneza mguu wa bandia, nimembembeleza, hataki. Wale wa zamani waliokuwa wakija kumsalimu amewafukuza wote, amebaki Pirok tu, aliyecheza naye huko Dhaka, kwa sababu Pirok hafukuziki.

Habari ya Dhaka alisema, "Waambie nimekufa." Nikamjibu waambie mwenyewe, mimi si mjumbe wa maiti. Halafu akasema neno jingine, nami nakuletea kama lilivyo: "Bao la siku ya mvua sikufunga mimi. Alifunga Pirok. Mimi nilikuwa benchi, nimeshika viatu vyake." Amesema uwaambie hao wazee, asije akavishwa maua ya mwenzake.

Ulitaka pia kujua kwa nini hakurudi, usikatae, umeapa hutauliza lakini kila mstari wako unauliza. Alikuja kumwona mama yetu mgonjwa, vita vikamfungia huku. Akawa anakwenda ofisi ya pasi, anarudi, hasemi. Ikafika siku hakwenda tena. Hapo sijui, na yeye hajaniambia, na nimeishi naye nyumba moja.

Picha yako iweke tu ukutani, mwanangu.

Mahatun


Narinda, Dhaka
25 Septemba 1988

Shangazi yangu,

Tuko hai, nianze na hilo. Mafuriko umeyasikia redioni. Kwetu maji yalifika kitandani, tukalala juu ya meza ya kukatia nguo ya Shafik. Mtoto aliharisha tukadhani anakwenda, Mungu akamrudisha. Nyumba inanuka matope, unga wote umeoza. Nilichookoa ni cherehani na picha ya baba. Picha niliibeba kichwani kama ndoo.

Barua yako nilikuwa nayo kifuani wakati wote ule. Nimelia mpaka Shafik akaniambia machozi yangu yanaongeza maji.

Mguu mmoja, miguu miwili, mimi namtaka. Msomee hii kwa sauti, usiruke neno: Baba, mimi sijakuita kucheza mpira. Nina umri wa mtu mzima na sijawahi kumwita mtu yeyote hilo jina. Wenzangu walikuwa wakiitwa na baba zao jioni waingie ndani, mimi nikiitwa Makrani na watoto wa mtaani. Uvae huo mguu wa bandia uje. Ukiona aibu, suruali itaufunika, na mimi nitakushika mkono, watu watadhani ni uzee tu. Ukikataa pia, basi, sitaandika tena.

Habari ya Pirok na lile bao sijawaambia wazee. Nikisema, watamwita Pirok. Mimi Pirok ananihusu nini?

Sherehe ni mwanzo wa Desemba, uwanja ukikauka.

Rokeya


Kalri, Lyari
6 Novemba 1988

Rokeya, mwanangu, mwanangu,

Kaa chini kwanza.

Barua yako nilimsomea kama ulivyotaka. Sikuruka. Kesho yake akamwita kinyozi. Baada ya kunyolewa akasema, "Niulizie huo mguu." Alipimwa, akaufanyia mazoezi humu uani, anaanguka, anatukana, anainuka. Vijana wa klabu za Lyari wakachangishana nauli ya watu wawili, yeye na Pirok wa kumshika mkono. Hapo ndipo nilipokuletea telegramu: BABA ANAKUJA. Nilikwenda posta nikiimba, Rokeya, watu walinitazama.

Ule mguu ulimchubua. Hakusema. Alificha, mtu mkaidi yule, alijua akisema wataahirisha. Sukari haina msamaha. Homa ilimpanda, tukamkimbiza, na Ijumaa iliyopita tumemzika.

Telegramu nyingine siwezi kuleta. Nimekuambia kwa maneno mawili kwamba anakuja, siwezi kukuambia kwa maneno mawili kwamba hayupo. Pirok anakuja peke yake, pasi na viza alikuwa nazo tayari. Nimemwambia akuchukue pembeni, akuambie taratibu, si mbele za watu. Barua hii ikimtangulia, basi mpokee vizuri, ni mtu mwema, naye amefiwa.

Na jambo jingine, nililokaa nalo tangu ile barua yako ya Mei kwa sababu nilikuonea huruma. Kaka yangu hakuwa na mwanya. Mwenye mwanya ni Pirok. Picha ile si ya baba yako.

Nisamehe kama unaweza. Ukishindwa pia nitaelewa.

Mahatun


Narinda, Dhaka
22 Desemba 1988

Shangazi,

Salamu. Mtoto mzima. Shafik mzima.

Barua yako ya Novemba imefika leo. Posta wanasema mafuriko, kila kitu siku hizi ni mafuriko. Nakuandikia ujue ilivyokuwa, kwa sababu Pirok hatakuambia.

Telegramu yako niliibandika kwenye kibanda cha Moti Miya mwenyewe. Mtaa mzima uliisoma. Uwanja wa ndege tulikwenda na ngoma, na makoja ya maua, na wazee wamevaa kofia za Idi. Abiria wakatoka, wakatoka, halafu akatoka yeye. Mrefu, mweusi, anachechemea kidogo. Akatabasamu kwa wasiwasi, nikauona mwanya. Wazee wakapiga kelele, "Sabzal! Sabzal!" Nikautazama mguu wake wa kulia, nikawaza, ee Mungu, jinsi walivyoutengeneza vizuri, anatembea kama wa kuzaliwa nao. Nikakimbia. Nilimwangukia kifuani nikasema Baba.

Alikauka. Nilimhisi amekauka. Nikadhani ni aibu ya miaka yote ile. Aliniwekea mkono kichwani, akafungua mdomo, wazee wakamnyanyua juu.

Uwanjani Moti Miya alishika kipaza sauti, akalisimulia bao la mvua toka mwanzo mpaka golikipa kukaa kwenye tope. Yule niliyemwita Baba alilia, mabega yanatikisika. Watu wakalia naye. Sasa najua bao lilikuwa lake kweli, na walimvisha kwa haki, isipokuwa walimwita jina la maiti.

Nikamleta nyumbani kula. Nilipika biriani ya mbuzi. Alikuwa hali, anasema, "Binti, nina neno." Nikasema neno baadaye, Baba, pumzika kwanza, mguu utakuwa umekuchosha. Nikapiga magoti nikamvua kiatu cha kulia. Nilitaka kumfungua ule mguu wa bandia, nimkande. Nikavuta soksi.

Shangazi, mguu ulikuwa wa moto. Ulikuwa na vidole.

Hakuna aliyeniambia lolote, nilijua pale pale sakafuni. Akasema, "Mimi ni Pirok," nami bado nimeushika. Nje wazee walikuwa wanapiga ngoma na kuimba Sabzal.

Mimi ndiye niliyewatukana kwamba kwao kila mtu mweusi ni mmoja. Na mimi binti yake, damu yake, nimemkumbatia mtu mwingine mbele ya Dhaka nzima. Jina nililomtunzia tangu utotoni nimempa mgeni, naye ameondoka nalo. Jingine sina.

Wazee nimewaambia. Moti Miya hajafungua kibanda mpaka leo.

Picha nimeitoa ukutani. Kama unayo ya kwake ya kweli, nitumie. Kama huna, niandikie sura yake, pua, macho, kila kitu, kama unavyowaeleza polisi mtu aliyepotea. Sitaki tena habari za mpira. Nataka kumjua nikimwona.

Rokeya


Kalri, Lyari
3 Februari 1989

Rokeya mwanangu,

Nakuombea subira, na najiombea mimi pia.

Pirok amerudi. Lile koja la maua alirudi nalo limekauka, akaenda moja kwa moja makaburini akaliweka juu ya kaka yangu, kisha akanijia hapa akakaa kwenye kile kitanda cha kamba, nikamwacha.

Picha hakuna. Alizichoma zote alipotoka hospitali kukatwa mguu, nami nilikuwa sokoni.

Sura yake nimeijaribu. Nimechana karatasi nyingi ndiyo maana nimechelewa. Nikaandika mrefu, nikaona Pirok pia mrefu. Nikaandika pua pana, midomo imejaa, nywele za kusokota, nikasoma tena nikaona nimekuandikia mtaa mzima wa Kalri. Mimi niliyemwogesha akiwa mdogo, niliyemfunga kidevu amekufa, nikimwandika anatoka mtu yeyote. Nimelia kwa hasira, Rokeya. Nilidhani ninaye.

Nimepata kimoja tu. Akicheka alikuwa anafumba macho yote mawili, anafumba kabisa, kama mtoto anayemwagiwa maji. Hicho kilikuwa chake, sijakiona kwa mwingine. Lakini tangu aliporudi kutoka kwenu Dhaka, sikumwona akicheka.

Shangazi yako,
Mahatun